Hilux 3L inazima asubuhi za baridi Kabale, mchana iko sawa. Fundi anataka kushusha pampu

Ayrishi_Kabale

Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi.

Nina Hilux ya 1994, injini 3L ya dizeli, na pampu yake ya kusukuma dizeli kwenye injini ni ya zamani, haina kompyuta. Kazi yake ni kutoa viazi Muko na Kanaba kuvileta Kabale mjini, na mara mojamoja kuvifikisha Kampala. Tangu baridi ya Juni ianze imenishinda. Asubuhi nikipiga stata inashika papo hapo, inanguruma vizuri. Nikishuka kufungua geti inaanza kukohoa, inatikisika, inazima. Kuanzia hapo ni kupiga stata mpaka betri inalegea. Baadaye inashika kwa shida, inakohoa kidogo, halafu imetulia mpaka jioni. Kuna siku naamka nimejiandaa kugombana nayo, inashika na kuondoka bila neno. Na kuna siku, si nyingi, imenizimia mchana barabarani injini ikiwa moto.

Mpaka sasa nimeweka filta mpya na hita plagi mpya zote nne, zile za kupasha injini moto kabla ya kuwaka. Betri imepimwa, nikaambiwa haina shida. Jana fundi kasema pampu imekufa, tuishushe ipelekwe Kampala ikapimwe kwenye mashine. Hiyo ni hela ya msimu mzima wa viazi. Kabla sijakubali naomba mawazo yenu. Fundi ni jirani yangu, sina neno baya naye, ila kila akija anakuja na kitu kipya cha kununua.

Boda_Kwanza

Uza hicho chuma mzee, nunua ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe hana pampu.

Ayrishi_Kabale

Ng'ombe habebi magunia, ndugu yangu. Tuendelee.

Fundi_Ndeeba

Usishushe pampu. Pampu mbovu ya aina hiyo haina tabia ya kupona saa nne asubuhi. Nijibu kwanza, na ujibu ulichokiona kwa macho, si ulichoambiwa gereji.

Ikishazima na wewe unapiga stata, salensa inatoa moshi au haitoi? Hili ndilo kubwa. Ikitoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, mafuta yanafika ndani ila hayawaki, na hapo nitakuuliza habari za hita plagi na kompresheni, yaani nguvu ya injini kugandamiza hewa. Ikiwa stata inazungusha na salensa ni kavu, hata ukungu hamna, basi mafuta hayafiki kabisa na hita plagi zako mpya zilikuwa sadaka.

Halafu usiku unaliegesha gari likitazama wapi, mlimani au bondeni? Tangi linakuwa na mafuta kiasi gani siku linaposumbua? Na juu ya filta kuna kile kibonyezo cha pampu ya mkono. Kesho kabla hujagusa ufunguo kibonyeze. Ni kigumu toka mwanzo au kinazama kilaini mara nyingi ndipo kigumu?

Mganda_Calgary

Mimi niko Calgary, Kanada. Hapa Januari baridi ikifika nyuzi 25 chini ya sifuri dizeli inatoa nta, filta inaziba, gari linashika kisha linazima baada ya dakika chache. Dalili ni zako kabisa. Sisi injini tunazichomeka kwenye umeme usiku zisipoe, na vituo vinauza dizeli ya msimu wa baridi. Tafuta dawa ya kuzuia dizeli isigande. Wazee wa zamani walikuwa wanachanganya na mafuta ya taa kidogo.

Fundi_Ndeeba

@Mganda_Calgary asante, na kwa huko uliko umesema kweli. Lakini baridi kali ya usiku Kabale ni nyuzi kama 10 juu ya sifuri, dizeli haizibi filta kwa ubaridi huo. Na habari ya mafuta ya taa naomba mtu asiiguse. Pampu hii inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine ndani. Ukiipa mafuta ya taa mepesi yale, vyuma vinasuguana vikavu. Hapo ndipo utaishusha kweli.

Baridi ya Kabale haiiwezi dizeli. Inauweza mpira mkuukuu wa kupitishia mafuta.

Dizeli_Arua

Naona Ndeeba ameshaamua ni hewa inayoingia kwenye njia ya mafuta kabla mgonjwa hajajibu. Mimi nimefungua pampu hizi miaka mingi huku West Nile. Sili ya mbele ya shafti ikichoka pampu yenyewe inavuta hewa, na ikipoa inavuta zaidi. Pampu kushushwa si dhambi.

Fundi_Ndeeba

Sijaamua. Nimeuliza moshi.

Mstaafu_Bombo

Nimeendesha malori ya jeshi nikiwa kijana, sasa nimestaafu. Kwetu gari lenye ugonjwa wa kuja na kuondoka lilipewa daftari kabla ya kupewa spea. Likizima unaandika: saa ngapi, injini moto au baridi, mlima au tambarare, mzigo upo au haupo, geji ya mafuta imesimama wapi, na limezima namna gani, kwa kukohoa au ghafla. Unaandika hapohapo barabarani. Ukisubiri jioni utaandika unachodhani. Mafundi wengi hawalipendi daftari kwa sababu linawanyima hadithi.

Mwanangu, siku zile zilizokuzimia mchana, lilikohoa?

Ayrishi_Kabale

Mzee, swali hilo sikuwahi kujiuliza. Acha niandike kwanza, nitarudi.

MamaSpea_Busia

Wakati tunamsubiri, niseme la upande wangu wa dukani. Wateja wanakuja kununua mpira wa dizeli, nikiwatajia bei wanakimbilia mpira wa maji au wa gesi wakisema mpira ni mpira. Ule wa maji dizeli inaula kwa ndani. Unavimba, unalainika, kisha unapasuka vipande vidogovidogo ambavyo vinakwenda kuketi kwenye filta. Kwa nje bado unang'aa. Wa dizeli una nyuzi katikati ya kuta zake, ukiukata unaziona. Ukinunua, omba ukatwe mbele yako utazame ile duara.

Ayrishi_Kabale

Nimerudi. Nimefanya kama mzee wa Bombo alivyosema, daftari nimelifunga na kamba kwenye kioo cha jua. Haya ndiyo niliyoyaona.

Moshi: asubuhi ikishazima, tanboi wangu kasimama nyuma nikapiga stata. Anasema salensa kavu kabisa. Inapokaribia kushika ndipo unatoka moshi mweupe kidogo, halafu inashika.

Kuegesha: nyumbani kwangu ni mteremko. Naingia moja kwa moja, kwa hiyo pua inatazama mlimani na tangi liko chini nyuma. Nikilala Kampala huwa naegesha penye tambarare na sikumbuki limewahi kunisumbua huko. Nilidhani ni kwa sababu Kampala kuna joto.

Mafuta: siku mbaya zote tangi liko chini ya nusu. Nikijaza linakuwa na adabu.

Pampu ya mkono: asubuhi inazama kama inabonyeza hewa tupu, inachukua muda ndipo inakuwa ngumu. Na siku niliyoibonyeza hadi ikagoma kabla ya kupiga stata, gari lilishika na halikuzima. Hiyo imenishangaza.

Kuzima mchana: mzee uliuliza vizuri. Limenizimia juzi njiani kutoka Muko, kwenye matuta. Halikukohoa. Lilikufa ghafla kama mtu amezungusha ufunguo. Nikasimama pembeni, nikapiga stata, kimya, nikapiga tena, likashika kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mstaafu_Bombo

Una magonjwa mawili. Usiyaweke kwenye kitanda kimoja.

Fundi_Ndeeba

Mzee kanitoa maneno mdomoni. Tuanze na la asubuhi, la mchana lisubiri.

Pampu ya 3L inajivutia mafuta yenyewe kutoka tangini. Hamna pampu nyingine kule nyuma inayosukuma. Kwa hiyo njia yote, kutoka tangi, paipu ya chuma inayopita kwenye chesesi, mpira wa mbele, filta mpaka mlangoni mwa pampu, inafanya kazi ya kufyonza. Penye tundu hapavuji mafuta kwenda nje, panavuta hewa kuingia ndani. Ndiyo maana fundi anapitisha mkono chini ya gari anakuta pakavu, anasema njia ni nzima.

Usiku hewa ikipata pa kuingilia, mafuta yanarudi tangini kwa uzito wake. Pua ikitazama juu na tangi likiwa chini yanarudi haraka zaidi. Mafuta yakiwa mengi tangini, hayana umbali mkubwa wa kushuka. Asubuhi injini inashika kwa yale yaliyobaki ndani ya pampu, inayamaliza, halafu inafikiwa na donge la hewa. Huo ndio muda wako wa kufungua geti. Ulipobonyeza pampu ya mkono uliijaza njia upya, ndiyo maana haikuzima.

Na baridi inaingia hivi: mpira wa zamani ukipoa unakuwa mgumu na unasinyaa, klipu haishiki sawasawa. Injini na jua vikipasha, mpira unalainika, unaziba. Kwa hiyo unapona saa nne, na fundi anayefika saa tano anakuta gari zima.

Ayrishi_Kabale

Sasa naelewa kwa nini akija yeye halizimi! Nilianza kufikiri linanifanyia makusudi.

Dizeli_Arua

Maelezo mazuri, lakini bado hujatoa pampu kwenye kesi. Hewa inaweza kuingilia tangini, kwenye chesesi, kwenye kichwa cha filta au kwenye sili ya pampu. Dalili ni zilezile. Mpime, msibashiri.

Fundi_Ndeeba

Hapo tuko pamoja ndugu yangu. @Ayrishi_Kabale, kanunue mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, wa kipenyo sawa na huu wako, kipande kifupi tu. Ondoa mpira wa kutoka filta kwenda pampu, weka huo unaoonyesha. Kaza klipu vizuri, toa hewa kwa pampu ya mkono. Ulaze gari palepale unapolilaza siku zote, pua juu, tangi chini ya nusu. Usilibembeleze, tunataka lifanye vibaya. Asubuhi shika tochi, mtu mwingine apige stata, wewe tazama ndani ya huo mpira.

Vipovu vichache mwanzoni visikutishe. Tunatafuta mnyororo wa vipovu usioisha, au donge refu la hewa. Ukiona mpira wenyewe unabonyea na hamna vipovu, hiyo si hewa, ni njia imeziba. Hapo angalia kichujio ndani ya tangi na tundu la kupumulia la kifuniko. Kifuniko kilichoziba unakijua: ukikifungua tangi linavuta pumzi kwa mlio.

Ayrishi_Kabale

Nimefanya leo alfajiri, ukungu umetanda mpaka hatuoni geti. Tanboi kapiga stata, imeshika. Kwanza mpira ulikuwa umejaa dizeli safi. Nikahesabu moyoni, nikaanza kuona vipovu vidogo, vikaongezeka, mara likaja donge la hewa refu kama kidole, likasimama karibu na mlango wa pampu, likasogea, likaingia. Injini ikakohoa palepale. Likaja la pili ikazima.

Banange, nimeliona kwa macho yangu.

Boda_Kwanza

Hii sasa ni sinema. Naendelea kufuatilia.

Fundi_Ndeeba

Vizuri sana. Hewa ipo, na inaingia kabla ya pampu, kwa sababu umeiona ikielekea kwenye pampu. Ndugu wa Arua, sili ya mbele ya shafti naiondoa kwenye orodha?

Dizeli_Arua

Iondoe kwa hilo la asubuhi. Hewa ya sili isingepita kwenye mpira ule. Lakini mwambie afuate jerikeni kabla hajaanza kung'oa mipira yote.

Fundi_Ndeeba

Ndiyo inayofuata. Chukua jerikeni safi, tia dizeli iliyochujwa. Chomoa mpira unaoingia kwenye filta kutoka nyuma ya gari, uzibe. Badala yake weka mpira mwingine mpya uzame ndani ya jerikeni. Sasa gari linakula kutoka jerikeni badala ya tangi. Vipovu vikiisha, tundu liko kati ya tangi na filta. Vikiendelea, tundu liko kwenye filta yenyewe, aghalabu kwenye mpira wa ndani wa kile kibonyezo au kwenye oringi, ile pete ya mpira, uliyoweka ulipobadilisha filta.

Mpira wa kurudisha mafuta uache kwenye tangi lake, usiuguse.

Dizeli_Arua

Na jerikeni iwe CHINI, sakafuni pembeni ya gurudumu. Watu wanaiweka juu ya boneti ili mafuta yashuke yenyewe. Ukifanya hivyo umebadilisha mfyonzo kuwa msukumo, na tundu la kwenye filta halitavuta hewa tena. Utadhani filta ni nzima kumbe umeificha. Weka kabari kwenye magurudumu pia, hapo kwako ni mteremko.

Fundi_Ndeeba

Sahihi. Hilo ningelisahau kuliandika.

Ayrishi_Kabale

Majibu ya jerikeni: limelala usiku kucha na jerikeni sakafuni, asubuhi baridi ya kukata masikio, likashika, likanguruma, mpira wa kuonea umejaa dizeli bila kipovu. Nikaliacha mpaka chai ikaiva. Halikuzima.

Nikarudisha njia ya tangi, asubuhi iliyofuata vipovu vikarudi.

Kwa hiyo ni kati ya tangi na filta. Fundi wangu jirani kaja kutazama, kakaa kimya muda mrefu, kisha kasema tushushe tangi. Nimemwambia ngoja.

MamaSpea_Busia

Msishushe tangi kwanza. Kwenye Hilux hizo kuna vipande vifupi vya mpira vinavyounganisha paipu ya chuma. Kimoja kiko kule nyuma kwenye tangi, kingine mbele karibu na injini. Wateja wangu wengi wanabadilisha cha mbele kwa sababu kinaonekana. Cha nyuma kinabaki cha kiwandani, au mbaya zaidi kiliwahi kubadilishwa na mtu aliyekuwa na haraka.

Ayrishi_Kabale

Mama, una macho ya mbali. Nimeingia chini na tochi. Cha mbele ni kipya, naona kilibadilishwa filta ilipobadilishwa. Cha nyuma, pale paipu inapotoka tangini, kimefungwa na klipu ya skrubu iliyokazwa hadi imeuma mpira. Kwa chini kizuri, cheusi, kikavu. Nimekipindisha kwa kidole, upande wa juu unaotazama sakafu ya bodi ukafunguka mipasuko kama ngozi ya kisigino. Hamna hata tone la dizeli limevuja, vumbi tu.

Nimekikata nikakichungulia ndani. Hamna nyuzi. Ni mpira wa maji.

MamaSpea_Busia

😂 Nilisema au sikusema? Nyabo fulani aliwahi kuniambia duka langu ni ghali.

Ukienda kununua, beba hicho kipande upimie hapohapo dukani, usinunue kwa kukisia. Na chagua klipu zenye ukingo uliokunjwa, zile za bei ya chini zina meno makali yanayokata mpira.

Fundi_Ndeeba

Kabla hujaweka mpya, tazama ncha ya paipu ya chuma. Ikiwa na kutu yenye vidoa isugue kwa msasa laini mpaka iwe nyororo, kwa sababu mpira mpya juu ya kutu nao utavuta hewa. Funga ncha kwa kitambaa kwanza unga wa kutu usiingie ndani. Klipu kaza mpaka mpira uvimbe kidogo pembeni, basi. Anayekaza mpaka skrubu inalia ndiye aliyekuletea kazi hii.

Na ukiwa hapo chini, fungua kile kitufe cha chini ya filta umwage maji. Asubuhi za ukungu na tangi nusu tupu, unyevu unatua ndani ya tangi na kuwa maji. Hayo si yaliyokuzimia gari, ila yanakula nozeli polepole.

Ayrishi_Kabale

Imefanyika. Chini ya filta yametoka maji ya kutosha kuonekana kwenye chupa, yamekaa chini ya dizeli. Mpira mpya umewekwa, klipu nzuri, kutu imesuguliwa. Nimelilaza pua juu, tangi karibu na robo. Asubuhi pampu ya mkono ngumu toka mbonyezo wa kwanza. Limeshika, limefunguliwa geti, limeondoka.

Sasa ugonjwa wa pili. Limenizimia tena jana mchana, matutani, ghafla, bila kukohoa. Nilikuwa nimesahau kuwa nao upo.

Kapchorwa_Mkulima

Labda bado ni hewa?

Mstaafu_Bombo

Hewa inakohoa kwanza. Dizeli ikikatika kwa hewa, injini inapigana kabla ya kufa. Ikifa ghafla kama umezima ufunguo, tafuta kitu kinachofanya kazi ya ufunguo.

Dizeli_Arua

Nacho ni solenoidi ya kuzima juu ya pampu. Ina waya mmoja mdogo. Umeme ukiwepo inafungua njia ya mafuta, ukikatika hata kwa nukta inafunga, injini inakufa. Washa ufunguo bila kupiga stata, sogeza sikio karibu na pampu mwenzako akiwasha na kuzima. Lazima usikie "tak". Halafu kumbuka: nani alikuwa anashughulika juu ya injini hivi karibuni?

Ayrishi_Kabale

Hita plagi. Zilipobadilishwa waya zote za eneo lile zilisogezwa.

"Tak" naisikia vizuri kila ninapojaribu.

Dizeli_Arua

Gari limesimama ndiyo maana. Waya huo unakatika kwa mtikisiko. Fanya hivi: chukua taa ndogo ya dashibodi ya volti 12, unganisha waya wake mmoja kwenye skrubu ya solenoidi, mwingine kwenye bodi, upitishe mpaka ndani anapokaa dereva uiweke mbele ya macho yako. Tia fyuzi ndogo njiani waya usije kuungua ukigusa chuma. Endesha njia ya matuta na mtu pembeni, yeye atazame taa, wewe tazama barabara. Gari likizima taa ikiwa imewaka, solenoidi yenyewe au pampu ina neno. Taa ikizima nayo, tatizo ni umeme kabla ya kufika pampu.

Ayrishi_Kabale

Tanboi kaapa hajawahi kufanya kazi rahisi kama hii, kukaa kutazama taa na kulipwa.

Tumepita matuta ya kuingia mjini. La kwanza hamna kitu. Lililofuata taa ikapepesa, injini ikashtuka lakini haikufa. Mbele kidogo taa ikazima kabisa na gari likafa. Tumefungua boneti bila kuzima ufunguo, nikagusa ule waya wa solenoidi kwa kalamu ya plastiki, "tak", taa ikawaka.

Nimeuvuta taratibu. Ngozi ya plastiki nzima kabisa, lakini karibu na kichwa cha chuma ndani shaba imekatika, zimebaki nyuzi mbili tatu zinagusana zinapotaka. Waya ulikuwa umening'inia bila kufungwa popote.

Dizeli_Arua

Kata mpaka ufikie shaba inayong'aa. Ikiwa nyeusi endelea kukata, ongeza kipande cha waya ukihitaji. Weka kichwa kipya kilichobanwa kwa koleo lake, kisha ufunge waya kwenye mkono wa injini, uache kilegevu kidogo ili mtikisiko usiufikie kwenye kiungo. Solder peke yake isiyofungwa nayo inakatika palepale inapoishia.

Fundi_Ndeeba

Na mradi mita unayo, pima betri injini ikiwa imezimwa usiku. Nzima inasoma karibu 12.6. Mtu akipiga stata isishuke chini ya 9.6 hivi. Stata ikiwa nzito na betri nzima, gusisha mita kwenye hasi ya betri na kwenye chuma cha injini stata ikizunguka. Ikizidi nusu volti, waya wa bodi una kutu. Asubuhi zote zile za kupiga stata zimeichosha betri yako, usishangae.

Ayrishi_Kabale

Betri 12.4, ikipiga stata haishuki chini ya 10. Waya wa bodi nimeufungua nikausugua hata hivyo.

Tangu waya wa solenoidi urekebishwe nimekwenda Kisoro kupitia Echuya na mzigo, baridi ya juu kule mnaijua, nikarudi. Nimekwenda Kampala. Daftari halina kitu kipya cha kuandikwa. Jirani yangu fundi amenunua mpira wa kuonea na yeye, na amenirudishia hita plagi zangu za zamani akasema zilikuwa nzima. Tumecheka, nimempa gunia la viazi.

Kapchorwa_Mkulima

Hongera mzee. Mimi nina Vigo ya 1KD huku Kapchorwa, nayo asubuhi za baridi inapoteza nguvu mlimani na taa ya injini inawaka. Niweke mpira wa kuonea pia?

Fundi_Ndeeba

Hapana. Hiyo ni komon reli, mafuta yake yanakaa kwenye presha kubwa sana na inaongozwa na kompyuta. Upande wa presha ukifungua paipu ovyo mafuta yanaweza kukutoboa ngozi, sisemi mzaha. Yako inasema yenyewe: nenda kwa mwenye mashine ya kusoma kodi, zile namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari, ziandike kabla hazijafutwa, kisha fungua uzi wako hapa na uziweke. Kuna vali ya kudhibiti mvuto kwenye pampu yake inayosumbua sana, lakini sitakuambia ununue kabla ya kodi.

@Ayrishi_Kabale, ule mpira wa kuonea umeutoa?

Ayrishi_Kabale

Bado, umenipendeza.

Fundi_Ndeeba

Utoe leo. Plastiki ile ikikaa na dizeli na joto la injini inakauka na kupasuka, na wewe utarudi hapa Agosti kutuambia gari linazima asubuhi.

Ayrishi_Kabale

Nimeutoa, nimeweka wa nyuzi. Wa plastiki uko kwenye tulboksi na daftari.